Matandiko ya Nyoka: Mafunzo Niliyopata kwa Kufuga Watatu Wasiofanana

Kwa wengi tuliokulia Pwani, nyoka akiingia ndani hutafutiwa fimbo, hatafutiwi matandiko. Ndugu zangu wa Tanga wakinipigia simu hapa Minneapolis huuliza watoto, kazi na baridi. Habari za nyoka hawaulizi, nami siwakumbushi. Lakini Marekani nyoka ni mnyama wa kufugwa nyumbani, na kwetu wapo watatu: nyoka wa mahindi, chatu-mpira, na boa wa mchanga ambaye wafugaji wa huku humwita wa Kenya. Wa kwanza alikuja kwa kelele za mtoto, wa pili tuliachiwa na jirani aliyehama, wa tatu nilimtaka mwenyewe.

Hawa watatu hawafanani hata kidogo, na hilo limenisaidia, maana niliyojifunza kwa mmoja, mwingine aliyakataa. Kilichonifikirisha zaidi hakikuwa chakula bali kile wanacholalia. Dukani mifuko imejaa rafu nzima: maranda, magome ya miti, usumba wa nazi, mchanga wa rangi, mazulia ya plastiki. Kila mfuko una picha ya nyoka aliyetulia, lakini hausemi ni nyoka gani wala anaishi kwenye nyumba ya namna gani. Haya ndiyo ninayowaambia jamaa wanaoanza.

1. Uliza kwao ni wapi, kisha uliza anajificha wapi

Nyoka wa mahindi ni mwenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani. Huko hupanda miti, huingia chini ya magome yaliyobanduka, na huzungukia maghala akifuata panya. Chatu-mpira anatoka Afrika, kuanzia Senegali mpaka Uganda. Boa wa mchanga ni wa kwetu kabisa: yupo maeneo makavu ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania, Somalia, Ethiopia, hadi Misri.

Jina la nchi pekee halitoshi, na chatu ndiye aliyenifundisha hilo. Ukisoma kwamba anaishi savana utadhani anataka pakavu. Kumbe mchana kutwa amelala ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, ambako hewa ina unyevu na ubaridi kuliko juu kwenye nyasi. Savana ya chatu ni ile ya chini ya ardhi. Boa naye hajilazi juu ya ardhi, bali hujifukia kwenye udongo uliolegea, akaacha macho na pua karibu na uso wa ardhi, akimngoja panya apite. Ukijua mahali nyoka anapopitishia mchana, nusu ya mifuko ya dukani umeshaipita.

2. Unyevu huanzia kwenye hewa ya nyumba yako

Mwezi Januari, Minneapolis huwa chini ya sifuri usiku na mara nyingi hata mchana. Hewa ya baridi hubeba mvuke kidogo, na ikishaingia ndani na kupashwa joto huzidi kukauka. Kipimo cha sebuleni kwetu hushuka chini ya asilimia 30. Chatu anataka 60 au zaidi. Nyoka wa mahindi anatosheka na kati ya 40 na 60. Boa ndiye asiyejali ukavu. Kwa hiyo matandiko yaliyomfaa chatu vizuri mwezi Julai, Januari huhitaji kuongezewa maji, kuwekwa kwa kina zaidi, na tangi kufunikwa sehemu kubwa ya wavu wa juu ili mvuke usitoroke.

Ndiyo maana mfugaji wa Florida na mfugaji wa Minnesota wakipeana ushauri bila kutajiana hali ya hewa wanapotezana kwa nia njema. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam naye ana tatizo la upande wa pili: hewa tayari ina unyevu, na kazi yake ni kuyazuia matandiko yasiote ukungu.

Nunua kipima unyevu cha dijitali chenye waya, na kichwa cha waya ukiweke chini, usawa wa nyoka. Vile vya mshale vinavyobandikwa juu ya kioo hupima hewa ambayo nyoka haivuti, na vingi havisemi kweli.

3. Gamba lililovuliwa ndiyo ripoti ya matandiko

Nyoka akijivua gamba, usilitupe kabla ya kulisoma. Likitoka vizuri huwa zima: limeanza kuachia midomoni, likajigeuza ndani nje mpaka ncha ya mkia. Mimi hulitandaza mezani chini ya taa na kuanza kuangalia kichwani. Nyoka hana kope. Kila jicho limefunikwa na gamba moja linaloonyesha, na hilo nalo hubadilishwa pamoja na ngozi. Kwenye gamba zima utaviona vifuniko viwili vya mviringo, safi, vimekaa mahali pake. Kimoja kikikosekana, kimebaki kwenye jicho la nyoka. Usikibandue kwa kucha wala koleo. Ongeza unyevu, subiri, na kikigoma mwone daktari wa wanyama.

Ukienda mkiani angalia kama ncha ipo. Kipande kilichobaki pale hujifunga na kubana damu, na mkia unaweza kufa kipande kwa kipande. Gamba likitoka vipande-vipande, mara nyingi chanzo ni ukavu.

Dawa yake si lazima kulowesha tangi lote. Weka kisanduku cha plastiki chenye tundu ubavuni, ukijaze kuvumwani iliyoloweshwa na kukamuliwa. Macho ya nyoka yakianza kuwa na rangi ya maziwa, dalili kwamba gamba linakaribia kutoka, ataingia mwenyewe. Kwa boa na nyoka wa mahindi kisanduku hiki kinatosha, matandiko mengine yakabaki makavu.

4. Mti unaonukia usiingie kwenye tangi

Mbao za mwerezi wa Marekani hunukia vizuri mno, na watu huziweka kwenye makabati ili kufukuza nondo. Mti huo ni wa jamii moja na mtarakwa wa milima ya Kenya na Tanzania, na hata kwetu mtarakwa unasifiwa kwamba mchwa hawaugusi. Mafuta yanayomfukuza nondo na mchwa hayamwachi nyoka salama. Yeye pua yake ipo palepale chini usiku na mchana, hana dirisha la kufungua. Tena hana kiwambo cha kifua kama sisi, hivyo kukohoa na kutoa uchafu mapafuni ni kazi ngumu kwake. Ukisikia anapumua kwa mluzi, au ukaona mapovu puani na mdomo uko wazi, usibadilishe matandiko tu ukangoja. Peleka kwa daktari.

Msonobari mbichi nao una utomvu na harufu kali. Ukikaushwa kwa tanuri hupungua ukali na wapo wanaoutumia. Mimi siutumii kwa kuwa mbadala upo.

Kwa aliyeko Afrika Mashariki, maranda ya bure ya kwa fundi seremala yanayofaa kwenye banda la kuku hayafai hapa. Kwenye rundo moja kuna mninga, mvule, msonobari na mtarakwa vimechanganyika, na fundi mwenyewe hawezi kukutenganishia. Vumbi la mvule linawapigisha chafya maseremala wenye mapafu makubwa, seuze nyoka.

5. Maranda ya aspeni ni ya mchimbaji, mradi yasilowe

Aspeni ni mti wa jamii ya mipopla unaoota kwa wingi huku kaskazini. Hauna harufu ya kusumbua, na ukichanwa nyuzi-nyuzi hushikana. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Nyoka wa mahindi akipita chini yake, njia inabaki wazi nyuma yake wala haibomoki. Baada ya siku chache tangi lina mahandaki ya kwenda na kurudi, na nyoka anatembea toka upande wa joto hadi upande wa baridi bila kuonekana. Nyoka anayeweza kufanya hivyo hutulia, na nyoka aliyetulia hula.

Udhaifu wa aspeni ni maji. Bakuli likimwagika, sehemu ile huanza kuota ukungu upesi. Ondoa konzi iliyolowa siku hiyohiyo, na bakuli liwe zito, pana chini, ili nyoka asiliangushe akijikunja juu yake. Na kwa sababu hiyohiyo, aspeni haimfai chatu wangu: ukiinyunyizia maji ili unyevu ufikie asilimia 60 umeshalima uyoga.

6. Usumba wa nazi hushika maji, lakini ujue ulikotoka

Kwa chatu ninatumia usumba uliosagwa, nikiuchanganya na vipande vya makumbi ili usishikamane. Huuzwa kama tofali lililoshindiliwa. Tofali la gramu 650 ukiliweka kwenye ndoo na maji ya uvuguvugu hufura na kutoa lita 7 hadi 9 za matandiko. Mengi ya matofali hayo hutoka India na Sri Lanka. Mtu wa Pwani akilishika lazima acheke kidogo: makumbi ambayo kwetu yanawashiwa moto au kusokotwa kamba, hapa yanalipiwa dola.

Kipimo changu cha maji ni mkono. Chota konzi, ikamue kwa nguvu. Yakichuruzika, umezidisha, tandaza kwenye karatasi yapunguke. Yakitoka matone mawili matatu na tonge likavunjika unapofungua vidole, ndipo penyewe. Juu pakauke, chini pabaki na unyevu. Nyoka akilala kwenye matandiko yaliyolowa chapachapa siku baada ya siku, magamba ya tumbo hupata malengelenge na kuoza. Kwa hiyo mimina maji kwenye pembe za tangi yashuke chini, badala ya kunyunyiza juu kila asubuhi.

Jambo moja la kuangalia kwa aliye karibu na minazi: makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili yalainike kwa kusokota kamba, kama wafanyavyo akina mama wa Unguja, yamekunywa maji ya bahari. Hayo yana chumvi. Yaoshe kwa maji baridi mara nyingi, au chukua ya mnazi wa bara ambayo hayajapita baharini.

7. Jina la nyoka lisikununulishe mchanga

Kwa kuwa anaitwa boa wa mchanga, watu humnunulia mchanga mweupe wa chembe ndogo, na wengine ule wa rangi uliotengenezwa kwa madini ya kalsiamu. Ule wa kalsiamu husemwa kwamba ukimezwa unayeyuka tumboni. Kwa kweli ukilowa huganda, na mnyama akimeza mwingi unaweza kumziba utumbo. Mchanga mkavu mtupu nao una vumbi, ni mzito, na handaki haliwezi kusimama ndani yake.

Makazi halisi ya boa ni udongo uliolegea uliochanganyika na mchanga, mahali penye mashimo na mawe. Wangu yupo kwenye aspeni ya kina cha sentimita 10, na hachagui. Kutwa nzima unachokiona ni mwinuko mdogo wa maranda unaosogea polepole, kisha inapofika saa ya kula, macho mawili na ncha ya pua. Akitaka mtu mandhari ya asili, achanganye udongo wa juu usio na mbolea na mchanga wa kuchezea watoto uliooshwa, udongo ukiwa mwingi zaidi.

8. Karatasi haina aibu

Nyoka mgeni kwangu hulalia karatasi ya jikoni, nyeupe, bila mapambo, kwenye chumba tofauti na wenzake, kwa mwezi mmoja hadi mitatu. Haipendezi kupiga picha, lakini inaonyesha kila kitu: kinyesi kikoje, kama kuna damu, kama ametapika, na zaidi ya yote kama ana utitiri.

Utitiri wa nyoka ni vidudu vyeusi vidogo kuliko mbegu ya mchicha. Hunyonya damu chini ya magamba, pembeni mwa jicho na kidevuni, na hutaga mayai kwenye nyufa na ndani ya matandiko. Kwenye maranda hutawaona mpaka wamejaa. Kwenye karatasi nyeupe doa moja linalotembea linatosha kukuamsha. Ukiwaona, matandiko yote ya tangi hutupwa kwenye mfuko uliofungwa, hata kama yalikuwa ya jana.

Karatasi pia ndiyo matandiko ya nyoka mwenye kidonda, aliyefanyiwa upasuaji, au anayetibiwa tumbo. Kwa aliyepungukiwa fedha, gazeti linatosha kabisa. Ongeza vipande viwili vya boksi vya kujifichia, kimoja upande wa joto na kingine upande wa baridi.

9. Kina cha matandiko ni suala la joto pia

Wengi huweka pedi ya umeme chini ya kioo. Matandiko yakiwa mengi juu yake, joto halipandi hadi juu; linajikusanya chini. Mfugaji anagusa juu, anaona pamepoa, anaongeza moto. Nyoka naye anachimba kwenda chini kutafuta joto, analala juu ya kioo kilichochemka na kuungua tumbo, maana nyoka hakimbii haraka kutoka mahali pa moto kama tunavyodhani.

Pedi isitumike bila themostati, na kichwa chake cha kupimia kiwe pale tumbo linapogusa, yaani juu ya kioo chini ya matandiko. Kwa chatu ninalenga nyuzi 31 au 32 upande wa joto, kwa nyoka wa mahindi 29 hivi. Kama nyoka ni mchimbaji na unataka kina kirefu, taa ya joto kutoka juu inafaa kuliko pedi, kwani hata kwao jua hutoka juu, na chini ndiko pa kukimbilia.

10. Mlishe mahali pasipo na nyuzi, safisha kila siku

Uzi mmoja wa aspeni ukimezwa pamoja na panya kwa kawaida hupita bila neno. Wasiwasi ni panya aliyelowa: panya wa kugandishwa, akiyeyushwa, hutoka na maji, na maranda humganda mwili mzima. Mfute kwa karatasi, kisha mpe nyoka kwa koleo juu ya sahani bapa au kipande cha kigae. Boa hushambulia kutoka chini na hupenda kumvuta panya mafichoni, hivyo mshikilie kidogo amalize kujizungusha kabla ya kuachia.

Kinyesi cha nyoka huja pamoja na kipande cheupe cha chokaa, ambacho ndicho mkojo wake. Kwenye aspeni huonekana. Kwenye usumba mweusi hujificha, na pua ndiyo hukuambia. Toa uchafu na matandiko yanayouzunguka siku hiyohiyo. Yote kwa jumla mimi hubadilisha kila mwezi au miwili kwa aspeni, na tangi huoshwa kwa sabuni na dawa ya klorheksidini, likakauka kabisa. Wapo wanaoweka udongo wenye mimea na vijidudu vya kula uchafu. Ni kazi nzuri kwa tangi la chatu, lakini si njia ya kukwepa usafi: vijidudu vile hula kinyesi kidogo, si cha nyoka mkubwa aliyeshiba.

Reptilia hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuugua. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kugusa nyoka au matandiko, bakuli la nyoka lisioshwe kwenye sinki la vyombo, na watoto walio chini ya miaka 5 wasimshike kabisa. Huo ndio ushauri wa wataalamu wa afya wa Marekani, nao nyumbani kwetu ni amri.

Kabla hujanunua

Kwa msomaji aliyeko nyumbani, kabla ya matandiko kuna sheria. Nyoka wa porini Kenya na Tanzania ni mnyamapori, na kumfuga bila kibali ni kosa. Kenya kibali hutolewa na shirika la wanyamapori, KWS. Usimwokote boa shambani kwa kuwa umesoma kwamba Marekani anafugwa. Ukitaka kuwaona waliotunzwa vizuri, nenda Bio-Ken kule Watamu, kituo kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, na ukifika angalia chini ya nyoka kabla ya kumwangalia nyoka.

Mwenye kibali, au aliyeko nchi inayoruhusu, ajiulize maswali matatu mbele ya rafu: huyu anachimba au hachimbi? Hewa ya nyumba yangu ni kavu au ina maji kuliko anayoitaka? Na kinyesi nitakiona? Mchimbaji kwenye nyumba yoyote mpe aspeni. Mpenda unyevu kwenye nyumba kavu mpe usumba wa kina. Mgeni na mgonjwa wape karatasi. Ukiwa bado huna uhakika, anza na karatasi na kisanduku cha kuvumwani, umwangalie mpaka ajivue gamba mara moja, ndipo urudi dukani ukiwa unajua unachokifuata.